Hela Hamna, Mchana Tutakula Nini?

Ni Jumamosi. Mama amedamka kwenda gulioni, baba yuko shamba, na wewe ndiye mkubwa nyumbani. Wadogo zako wameshaanza: "Leo tunakula nini?" Unachungulia jikoni. Nyama hakuna, samaki hakuna, na hela ya mboga hukuachiwa. Kuna unga wa uwele, kunde, karanga na mlenda mkavu basi.

Usikate tamaa, rafiki. Hapo una mlo kamili!

Kwa nini ni mlo kamili?

Chakula kina kazi tatu: kutia nguvu, kujenga mwili na kuulinda usipate maradhi. Ugali unatia nguvu. Kunde na karanga zinajenga mwili. Mlenda, kama mboga nyingine za majani, unalinda. Kosa ni kuuza kunde na karanga zote gulioni, halafu nyumbani tukabaki na ugali na mlenda mtupu. Tumbo limejaa, lakini mtoto hakui vizuri.

Tupike sasa (watu 6)

1. Ijumaa usiku loweka kunde nusu kilo. Zikilowa zinaiva haraka, na kuni zinapungua. Sisi wa Kondoa tunajua thamani ya mti: mradi wa HADO ulianza mwaka 1973 kwa sababu ardhi yetu ilikuwa inaliwa na makorongo.

2. Asubuhi mwaga maji, osha kunde, bandika na maji mapya. Funika sufuria. Zikilainika, tia chumvi na mafuta kidogo ya alizeti. Kama kuna kitunguu au nyanya, weka.

3. Twanga karanga kikombe 1. Zichemshe kwenye maji vikombe 4 mpaka ziive, huku unakoroga zisifurike. Nyunyiza mlenda kidogo kidogo ukipekecha mpaka uvutike. Magadi usizidishe, yanaharibu vitamini.

4. Mwisho songa ugali, uliwe wa moto.

Kama mna mbuyu karibu, tengeneza juisi ya ubuyu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ubuyu una vitamini C nyingi, nayo inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde. Madini hayo yanaongeza damu, na wasichana waliovunja ungo wanayahitaji zaidi. Chai je? Chai inazuia madini hayo, kwa hiyo isiandamane na chakula. Kunywa baadaye, kama saa moja baada ya kula.

Hapa usibane matumizi!

Siku nyingine ghalani yamebaki mahindi yenye ukungu. Mtu anasema, "Tusage tu, moto utaua wadudu." Jamani, hapana! Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwemo jirani zetu wa Chemba, waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Walitapika, matumbo yakauma, macho yakawa ya manjano. Wengine walikufa. Hata anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo hatarini, maana sumukuvu inaweza kuleta saratani ya ini.

Kwa hiyo:

- Chambua mahindi na karanga kabla ya kusaga au kutwanga. Punje zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, tupa.
- Usimpe ng'ombe wala kuku. Sumu inaweza kurudi kwako kwenye maziwa.
- Wakati wa mavuno, anika juu ya turubai au mkeka, si chini kwenye udongo. Hifadhi mazao yakiwa yamekauka kabisa, mahali pasipovuja.
- Sumukuvu haionekani kwa macho kila mara. Kuchambua kunapunguza hatari, kukausha vizuri kunaizuia tangu mwanzo.

Ukiona mtu nyumbani ana macho ya manjano, msisubiri. Mpelekeni kituo cha afya.

Na wewe kaka, usisome halafu ukamwachia dada jiko. Njaa haichagui mvulana wala msichana! Mmoja achambue, mwingine atwange, mwingine asonge. Mama akirudi na uchovu wa gulio akakuta sufuria imefunikwa, chakula kipo, atafurahi kuliko mngempa zawadi.

Haya, leo jioni nani analoweka kunde?