ZAIRE 74: MUZIKI ULIONGOJA MIAKA 43

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuitumia katika insha za duka na biashara, lakini leo mimi nataka kuipeleka kwenye muziki. Mpenzi msomaji, fuatana nami unyounyo nikueleze habari za rekodi moja iliyopigwa jukwaani mbele ya watu, na kwa nini sisi wakazi wa ufuo huu wa ziwa inatuhusu.

Ukimtajia kijana wa hapa Otonglo majina kama Franco au Tabu Ley, atakujibu mara moja, "Aa, hiyo ni miziki ya wazee." Kumbe wazee hao walikuwa vijana walipoipiga! Mwimbaji Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, alikuwa na miaka 19 tu alipopanda jukwaani katika tamasha ninalolizungumzia. Mtu wa miaka 19 si mzee. Ni kama dada yako aliyemaliza kidato cha nne juzi.

Tamasha lenyewe

Mwaka wa 1974, mabondia Muhammad Ali na George Foreman walipangiwa kupigana mjini Kinshasa, katika nchi ambayo kati ya 1971 na 1997 iliitwa Zaire. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na mwenzake Mmarekani, Stewart Levine, wakaandaa tamasha la muziki la siku tatu litangulie pigano hilo. Siku chache kabla ya siku yenyewe, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini. Pigano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukuahirishwa. Ulipigwa tarehe 22 hadi 24 Septemba katika Uwanja wa 20 Mei.

Kutoka Marekani walifika James Brown, B.B. King, Bill Withers na wengine. Celia Cruz alikuja pamoja na Fania All-Stars. Upande wa Afrika walikuwapo Miriam Makeba, Tabu Ley na Orchestre Afrisa yake, Franco na TPOK Jazz, Abeti, na Orchestre Stukas, kundi la vijana waliokuwa hawajui kusimama kitako jukwaani. Wapiga picha za sinema walikuwa tayari, na mitambo ya kunasa sauti ilikuwa tayari pia.

Sebene ni nini?

Ili uelewe utamu wa rekodi ya jukwaani, sharti kwanza uelewe sebene. Wimbo wa rumba ya Kongo aghalabu huwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza waimbaji huimba polepole na kusimulia mambo yao. Katika sehemu ya pili sauti hurudi nyuma, ngoma huongeza mwendo, na magita huchukua usukani. Hiyo ndiyo sebene. Gita la solo hupiga kipande kifupi na kukirudia. Lile la mi-solo hujibu katikati, la ridhimu hushikilia mwendo, na la besi huwa chini kabisa. Ni kama wavuvi wanaopiga makasia katika ngalawa moja. Kila mtu ana kasia lake, lakini chombo huenda upande mmoja.

Sasa, studioni sebene ilikuwa na adui, naye ni santuri. Upande mmoja wa santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ulitosha dakika nne au tano hivi. Basi wimbo ukikatwa, sehemu ya kwanza huwekwa upande wa A na ya pili upande wa B. Benga yetu nayo ilipitia kisu hicho hicho. Ukibahatika kuona santuri za zamani za benga, utakuta zimeandikwa "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili". Mtu alikuwa akicheza dansi, wimbo unakatika, anangoja santuri igeuzwe!

Jukwaani hakuna kisu. Kiongozi wa bendi akiona watu wamepagawa, huwaacha wapiga magita waendelee. Akiona wamechoka, hutoa ishara na mwendo hubadilika. Kwa hivyo wimbo ule ule haupigwi sawa mara mbili. Ndiyo maana nasema kwamba anayeijua rumba kwa santuri peke yake ameijua nusu. Katika rekodi ya Zaire 74 unausikia umati, unasikia bendi ikijibizana na umati huo, na unatambua kwamba wasikilizaji nao walikuwa sehemu ya wimbo.

Kwa nini tulingoja?

Hapa ndipo penye uchungu. Filamu iliyotengenezwa kutokana na picha za safari ile, When We Were Kings, ilitoka mwaka wa 1996 kwa sababu ya shida za pesa na mivutano ya kisheria. Filamu hiyo ni ya masumbwi zaidi kuliko muziki. Filamu ya muziki wenyewe, Soul Power, ilitoka mwaka wa 2008, na ndani yake Wamarekani ndio waliopewa nafasi kubwa. Muziki wa Waafrika ulitolewa kama albamu mwaka wa 2017, yaani miaka 43 baada ya tamasha.

Tazama basi waliokuwa wameshaondoka duniani. Franco alifariki mwaka wa 1989, Abeti 1994, Makeba 2008, na Tabu Ley 2013. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeishika albamu hiyo mkononi mwake. Hata hivyo, ni afadhali, kwa maana kanda zilikuwapo. Kama hazingenaswa, leo tungekuwa na masimulizi matupu.

Linganisha na bendi moja ya roki ya Marekani, Grateful Dead, iliyoanza mwaka wa 1965. Hao pia walisifika kwa kurefusha wimbo jukwaani vile magita yanavyotaka. Wao waliwaruhusu mashabiki waje na mashine zao za kurekodi. Leo maonyesho yao mengi sana yanasikika, si kwa sababu ya kampuni peke yake, bali kwa sababu wasikilizaji wenyewe waliweka daftari.

Funzo kwetu

Sasa turudi nyumbani. Benga inapopigwa hadharani huku kwetu, iwe matangani au katika harambee, kuna jambo ambalo santuri haikuwa na nafasi nalo. Nalo ni pakruok. Mtu husimamisha muziki, hutoa pesa, kisha hujisifu au humsifu rafiki yake kwa maneno matamu, na wote huangua kicheko. Hayo ni mashairi kamili, yenye tashbihi na chuku, yale yale tunayofundishwa darasani. Lakini asubuhi yamekwenda. Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka wa 2006. Santuri zake tunazo, lakini je, usiku mzima wa onyesho lake tunao mwangapi?

Naomba wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili tufanye jambo. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu inayorekodi sauti. Tukimpata mpiga nyatiti au mwimbaji wa benga mzee, kwanza tumwombe ruhusa, maana kazi ni yake. Tuandike jina lake, mahali, tarehe, na maana ya wimbo kwa Kiswahili. Tusikate wimbo katikati ati kwa sababu ni mrefu. Halafu tuweke nakala mbili, moja kwake na moja maktabani.

Kinshasa walikuwa na mitambo mikubwa, na bado kazi yao ilichukua miaka 43 kutufikia. Sisi tuna simu tu, lakini wazee wetu bado wako hai. Tusingoje.