Kusaka makasha kwa satelaiti: ni michezo au ni pumbao?

Mamilioni ya watu duniani hutembea kutwa wakitafuta visanduku vilivyofichwa, huku wakiongozwa na satelaiti. Je, watu hao wahesabiwe kuwa wanamichezo, au wanajipumbaza tu? Mtayarishaji wetu wa vipindi alikuwa katika mtaa wa Matonge mjini Brussels, na ametuandalia makala ifuatayo.

Ukishuka katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Porte de Namur na kuifuata barabara ya Chaussée d'Ixelles, baada ya hatua chache tu unajikuta Matonge. Mtaa huu wa manispaa ya Ixelles umechukua jina la Matonge ya Kinshasa, mtaa wa muziki ulioko Kalamu. Chimbuko lake ni wanafunzi wa Kikongo waliokuwa wakifikia katika nyumba ya Maison Africaine, iliyofunguliwa mwaka 1961. Leo hii katika Chaussée de Wavre na ndani ya jengo la maduka la Galerie d'Ixelles utasikia Kilingala, Kifaransa, Kinyarwanda, Kirundi, na Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi. Watu huja hapa kusukwa nywele, kununua pondu, chikwanga na vitenge, au kuulizia habari za nyumbani.

Kwa ufupi, anayekuja Matonge anajua anachokitafuta. Msakaji wa makasha ni mtu wa namna nyingine: anajua mahali, hajui kitu. Anazo namba za latitudo na longitudo katika simu yake ya mkononi, na kazi yake ni kukiona kile ambacho wapita njia mia moja hawakukiona, pengine kikopo cha filamu ya picha kilichonatishwa kwa sumaku nyuma ya bomba la maji. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa. Huandika jina lake na tarehe, hukirudisha kikopo pale pale kilipokuwa, kisha huondoka kana kwamba hakuna lililotokea.

Mchezo huo kwa Kiingereza huitwa jiokashingi, na siku yake ya kuzaliwa inajulikana vizuri. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga kwa makusudi ishara za satelaiti za mfumo wa GPS zilizokuwa zikiwafikia raia, hata kifaa kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe, na usiku mmoja ukatosha kuvifanya vifaa vya kawaida kuwa sahihi takriban mara kumi zaidi. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Mmarekani Dave Ulmer aliificha ndoo nyeusi msituni karibu na Portland katika jimbo la Oregon. Ndani alitia daftari, penseli, manati, kopo la maharagwe na vitu vingine vidogo vidogo, kisha akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Haikuchukua siku nyingi kabla ya ndoo hiyo kupatikana. Leo makasha yaliyofichwa duniani yamepita milioni 3, na moja lilipelekwa katika kituo cha kimataifa cha anga za juu mwaka 2008 na Richard Garriott, msafiri aliyejilipia nauli yake mwenyewe.

Sasa kwa nini tujisumbue kuuliza kama hayo ni michezo au ni pumbao? Jibu ni kwamba jina la michezo huja na mengi nyuma yake: ruzuku ya serikali, bima kwa anayevunjika mguu, punguzo la kodi, ukumbi wa manispaa kwa bei nafuu, na hata heshima. Mtu anayekimbia barabarani saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa viatu vya mbio haulizwi na yeyote anafanya nini. Anayeinama chini ya benchi kwa dakika ishirini huulizwa.

Katika lugha yetu ya Kiswahili swali lenyewe ni gumu hata kulitamka. Mpira wa miguu ni mchezo, bao ni mchezo, kibe cha watoto wanaojificha na kutafutana ni mchezo, tamthilia jukwaani ni mchezo wa kuigiza, na akina mama wanaochangiana fedha kwa zamu husema wanacheza mchezo. Hapa Matonge Wakongo hukiita chama cha namna hiyo likelemba, na hakuna anayefanya mzaha nacho. Tunaposema michezo kwa wingi, katika taarifa ya habari au katika jina la Baraza la Michezo la Taifa la Tanzania, lililoundwa kwa sheria namba 12 ya mwaka 1967, ndipo neno hilo linapovaa jezi. Hata Wazungu wenyewe hawakutofautiana nasi hapo mwanzo: neno lao la sport limetokana na neno la Kifaransa cha kale, desport, lililokuwa na maana ya burudani, kujiliwaza tu.

Upande wa pili wa swali nao una miiba. Shule za Kenya huwafundisha watoto kuita hobi uraibu, ilhali mzee wa pwani akilisikia neno hilo hufikiria kwanza tambuu, tumbaku na kila kitu ambacho mtu akikizoea hawezi kukiacha. Kwa msakaji wa makasha, naona neno hilo halikukosea sana. Wapo ambao wamesaini zaidi ya makasha 100,000.

Ubelgiji, kama ilivyo kawaida yake, imelifanya jambo hili kuwa suala la lugha. Michezo si kazi ya serikali kuu ya shirikisho, bali ya jumuiya za lugha. Kwa wasemao Kifaransa inasimamiwa na idara ya ADEPS, na kwa Waflemi na taasisi ya Sport Vlaanderen, iliyokuwa ikiitwa Bloso hadi ilipobadilishwa jina. Mjini Brussels taasisi zote mbili zinafanya kazi, barabara zile zile. Sheria maalumu ya tarehe 8 Agosti 1980, inayogawa madaraka hayo, inazitaja katika ibara ya 4 kazi za jumuiya mojamoja: fungu moja ni la mazoezi ya viungo, michezo na maisha ya nje, na fungu linalofuata ni la burudani za wakati wa mapumziko. Msakaji wa makasha amesimama hasa kwenye ule mstari unaoyatenga mafungu hayo mawili. Yuko nje, anatembea, na anajiburudisha.

ADEPS hiyo hiyo ina jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Kila Jumapili huandaa matembezi yaitwayo Points Verts, ya kilomita 5, 10, 15 au 20, bila malipo na bila kujiandikisha. Hakuna saa inayohesabu, hakuna mshindi wala kikombe, na familia nzima huweza kwenda na mbwa wake. Hata hivyo ni idara ya michezo inayoyasimamia. Basi ikiwa kutembea msituni kwa kufuata vibao ni michezo, msakaji atauliza kwa haki kabisa: je, nikitembea msitu huo huo kwa kufuata namba za satelaiti, nimepoteza nini?

Baraza la Ulaya, lenye makao yake Strasbourg, lingempa jibu la kumfurahisha. Hati yake ya michezo ya mwaka 1992 inaitambua kuwa michezo kila shughuli ya mwili, iliyopangwa au isiyopangwa, yenye lengo la kujenga afya ya mwili na utulivu wa akili, au kujenga uhusiano kati ya watu, au kupata matokeo katika mashindano. Ushindani ni sababu moja tu kati ya kadhaa. Kwa kipimo hicho, msakaji anayepanda mlima ili kusaini karatasi ni mwanamichezo kamili.

Mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg ilikuwa na kipimo chembamba zaidi. Chama cha wachezaji wa karata za briji wa Uingereza kilidai kisitozwe kodi ya ongezeko la thamani kwenye ada za mashindano yake, kwa hoja kwamba briji ni michezo. Hoja hiyo haikuwa ya kuchekesha, kwani Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua briji pamoja na sataranji mwaka 1999. Hata hivyo tarehe 26 Oktoba 2017 majaji walikataa. Walisema kwamba kwa ajili ya sheria ya kodi, michezo lazima iwe na mchango wa mwili usiokuwa mdogo wa kupuuzwa, na mchezaji wa briji huketi kitini.

Ukiziweka shughuli hizi mbili pamoja utaona zimepishana. Briji ina mashindano, waamuzi na shirikisho la dunia, lakini haina jasho. Kusaka makasha kuna jasho, hata hatari: mwezi Juni 2018 wasakaji wawili walikufa mjini Prague baada ya mvua ya ghafla kuwakuta ndani ya mfereji wa chini ya ardhi. Kinachokosekana ni hayo mengine. Hakuna shirikisho la kimataifa linalotambuliwa na Kamati ya Olimpiki. Orodha kubwa ya makasha iko mikononi mwa kampuni ya Seattle. Hakuna mwamuzi. Na anayejisifu kwamba alikuwa wa kwanza kulipata kasha jipya hana anayemtunuku, maana kampuni hiyo haihesabu nafasi ya kwanza.

Linganisha na ndugu yake wa karibu, mbio za ramani na dira, zilizopata shirikisho lake mwaka 1961 na kutambuliwa na Kamati ya Olimpiki mwaka 1977. Mkimbiaji naye hutafuta vituo msituni, lakini ana namba kifuani, saa inamhesabia, na akipotea jina lake hubandikwa mwisho wa orodha ili kila mtu alione. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo mpaka, wala si katika jasho. Mwanamichezo hushindwa hadharani. Msakaji asiyelipata kasha huweza kuondoka zake kimya kimya, na hakuna atakayejua kama alifika. Anayetaka kudanganya huandika kwenye intaneti kwamba amelipata, naye yuko nyumbani anakunywa chai. Kwa hiyo mimi naliita pumbao, pumbao lenye afya na maarifa, na silioni jina hilo kuwa dogo.

Kinyozi mmoja wa Galerie d'Ixelles, nilipomweleza mchezo wenyewe, hakujali kabisa kama ni michezo au si michezo. Alichotaka kujua ni nani ataruhusiwa kuucheza. Na hilo ndilo swali ambalo wanasheria hawakuliuliza. Kanuni ya msingi ya kusaka makasha ni usiri: mpita njia asigundue. Unajifanya unafunga kamba ya kiatu au unazungumza na simu, huku mkono ukipapasa ukuta. Katika kijiji cha Flanders bibi mwenye mvi akifanya hivyo atadhaniwa amepoteza ufunguo. Kijana Mwafrika akifanya hivyo mbele ya duka lililofungwa Matonge, hadithi ni nyingine. Mtaa huu umezoea magari ya polisi; Desemba 2011, maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa Kongo yalipozuka hapa, watu wengi walikamatwa. Na tangu mashambulio ya tarehe 22 Machi 2016 katika uwanja wa ndege wa Zaventem na kituo cha Maelbeek, kisichokuwa mbali na hapa, sanduku lisilo na mwenyewe si jambo la mzaha mjini Brussels. Kabla ya hapo, mwezi Julai 2011, wataalamu wa mabomu walikuwa wamelilipua kasha moja katika mji wa Wetherby, Uingereza, baada ya mtu kuonekana akilishughulikia kwa namna ya kutilia shaka.

Inasikitisha, kwa sababu Matonge ni mahali panapostahili kutembelewa kwa namna hii. Makasha mazuri huwa hayamwongozi mtu kwenye kichaka tu, bali kwenye historia. Pembeni mwa mtaa huu pana uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kongo, na maelfu hupita hapo kila siku bila kuinua macho kusoma kibao.

Njia mojawapo ya kuukwepa usiri tayari imo ndani ya mchezo wenyewe. Tangu mwaka 2002 wasakaji wamekuwa wakiandaa siku za kukutana mahali fulani, makumi kwa pamoja, wakiwa na glavu na mifuko, kuokota takataka katika maeneo wanayoyatembelea. Mikutano hiyo hutangazwa mapema ikiwa na saa na mahali, mratibu huwajibika kupata ruhusa ya mwenye eneo panapohitajika, na kila aliyehudhuria huhesabiwa kama aliyepata kasha moja. Hapo hakuna anayehitaji kujificha, na askari anayepita ana mtu wa kumuuliza.