Daftari la mama wa Kalundu

Mvua ndiyo iliyonisukuma ndani. Nilikuwa nimeshuka bandarini Kalundu, mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, kuangalia jinsi Ziwa Tanganyika lilivyovamia gati na nyumba za jirani mwaka ule wa 2024, na wingu lilipopasuka juu ya milima ya Mitumba nikakimbilia kibanda cha kwanza kilichokuwa wazi. Huku hukiita butiki, hata kama ni mbao chache na bati. Mwenyewe, mama wa makamo, alinisogezea bidoni tupu nikalie. Hakuuliza nataka nini. Alikuwa akiandika.

Kalamu yake ilifungwa kwa uzi wa nyavu kwenye msumari, isije ikatembea. Daftari ni lile la shule, la vimraba, limevimba kwa unyevu na kubanwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mtoto wa kike alikuwa amesimama mlangoni na kikopo, akisubiri. Mama akamaliza kuandika, akampimia mawese, mtoto akaondoka bila kutoa hata franka moja. Nilichungulia, nakiri. Mstari ulisema: “M. 1er Sgt bati nyekundu, mawese 1/2, sabuni 1.”

Yaani mke wa premye sajini, anayekaa kwenye nyumba yenye bati jekundu. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo. Hakuna jina hata moja, ni vyeo na alama za nyumba tu: wa kaporali mwenye mapacha, wa ajida karibu na mwembe, soda mrefu. (Msomaji wa Dar es Salaam akisikia “soda” atafikiria chupa. Uvira soda ni askari, na wakiwa wengi ni basoda.)

“Majina yanabadilika, papa,” alinieleza alipoona macho yangu yalipo. “Nyumba hazibadiliki. Soda akihamishwa, anakuja mwingine, anaingia mule mule.”

Maneno yake nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke na walio mbali na ziwa hili, na jina lake aliomba niliache.

Kilichonikaa kichwani tangu siku ile ni alama zake. Ziko tatu. Deni likilipwa, mstari unakatwa kwa wino, mkato mmoja ulionyooka, na hapo hana maneno. Askari akihamishwa na deni lake, mstari unazungushiwa duara, kwa sababu aliyehamishwa huenda akarudi, au mkewe akatuma kidogo kidogo kwa simu. Alama ya tatu haiandikwi. Ni kona ya ukurasa inayokunjwa kwa ndani, na kona ikishakunjwa mama hadai tena. Hakusema “amekufa.” Alisema: “Huyu njo ule hatukusikia.”

Nilimwomba ruhusa nihesabu kona. Akanikatalia kwa upole, akalifunga daftari kwa mpira wake.

Ningeishia hapo, mvua ikakatika, nikaenda zangu, kama kijana wake asingeingia akiwa ameloa hadi kwenye mifupa. Alikuwa na umri wa miaka 22, ana diploma ya Leta, yaani ya serikali, na kazi yake ilikuwa kubeba magunia kutoka kwenye boti, siku ambazo boti ziko. Alinisalimia kwa heshima, akachukua kipande cha mkate, akatoka. Mama akamsindikiza kwa macho kisha akaniambia kwamba daftari hilo si la biashara tu. Ni hoja anayobishania na mwanawe tangu mwisho wa 2022.

Mnamo Novemba mwaka ule Rais Félix Tshisekedi alihutubia taifa, waasi wa M23 wakizidi kusonga Kivu ya Kaskazini, akawataka vijana wajitokeze kwa wingi kuingia FARDC, jeshi la taifa. Wakajitokeza, Goma na Bukavu maelfu walipanga foleni. Kijana wa butiki hii naye akatoa nakala ya diploma yake na kuiweka kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko huo, mama anasema, umekuwa ukilala chini ya godoro kama kitu kilicho hai.

Si jambo geni ufukweni huku. Mwaka 1964 waasi wa Simba wa Gaston Soumialot waliiteka Uvira, mwaka uliofuata Che Guevara akavuka ziwa kutokea Kigoma na kutua upande wa Fizi, mwaka 1996 vita vya waasi wa AFDL vikaanzia hapa hapa na kuzaa neno “kadogo,” yaani mtoto askari, kisha waasi wa RCD, kisha Mai-Mai wa kila jina. Kila aliyepita ameomba vijana. Wengine hawakuomba, walichukua. Tofauti ya safari hii ni kwamba kijana ana nafasi ya kukaa chini na kupiga hesabu, na mama yake ana kitabu cha kupigia.

Nilitegemea anioneshe ubaya tupu. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza vizuri.

“Soda minamwandika, juu ye iko na mwisho wa mwezi,” alisema. “Mubebaji wa bandari hapana. Hata huyu wangu, kama hangekuwa mtoto wangu, singemkopesha.”

Hilo ndilo jema la jeshi kwa vipimo vya Kalundu, na si dogo. Mshahara wa askari wa chini wakati ule ulikuwa karibu dola 100 kwa mwezi. Ulichelewa, ulikatwakatwa njiani, lakini uliandikwa mahali fulani, na kitu kilichoandikwa kinaweza kukopewa. Mbebaji mizigo anaweza kupata zaidi kwa wiki njema boti za Kalemie na Baraka zikifuatana, kisha akalala njaa wiki mbili ziwa likichafuka au barabara ikifungwa. Mke wa soda anaingia butiki akiwa ameinua kichwa. Mke wa mbebaji anamtuma mtoto.

Halafu akafungua ukurasa mwingine, akaweka kidole kwenye tarehe. Deni la kwanza la mke wa kaporali mwenye mapacha lilianza siku ya kumi baada ya mshahara. La ajida karibu na mwembe, siku ya kumi na mbili. “Siku kumi hawanijui,” alisema bila kinyongo. “Zilizobaki ni mimi.”

Nadhani hilo ndilo jambo ambalo maofisa wa kuandikisha vijana hawana fomu ya kulijazia. Kwenye matangazo, anayemlisha askari ni Leta. Kwenye daftari, theluthi mbili za mwezi anamlisha mjane mmoja wa Kalundu, kwa unga wa muhogo na ndagala anazokopa naye kwa wachuuzi wa ufukweni. Raia wa Kongo wamezoea kusikia kwamba raia ni shamba la askari. Huyu mama ni shamba lenye hesabu.

Na Wazalendo? Mwaka 2023 nchi ilipitisha sheria ya jeshi la akiba, na vikundi vingi vya kienyeji vilivyokuwa vikiitwa Mai-Mai vikapata jina jipya na namna ya uhalali. Kijana wake aliwahi kumwambia kwamba huko hakuna foleni wala kupimwa kifua. Unakwenda leo, kesho una bunduki. Mama alicheka nilipomuuliza wako ukurasa gani.

“Muzalendo minamuandika wapi? Mshahara hana. Akija analipa, ao anachukua. Cha kuandika hakuna.”

Nilisema ni mjane. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza, lile la zamani lililoliwa na mende, hauna deni. Una tarehe tu, na kona yake imekunjwa. Mumewe alikuwa mpiganaji wa msituni. Vita vikubwa vilipoisha na majeshi yakaanza kuchanganywa, wapiganaji waliulizwa mmoja mmoja: jeshi au uraia? Mumewe alisema jeshi, akapelekwa kambi ya Luberizi, bonde la Ruzizi. Rafiki yake wa kundi lile lile alisema uraia. CONADER, tume iliyosimamia kuwarudisha wapiganaji uraiani, ikampa kadi, dola 110 za kuanzia, na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Alinunua nyavu. Nyavu zikaibwa. Leo anabeba magunia bandarini, gunia moja na kijana wa rafiki yake, na kila asubuhi hupita kumsalimia mama.

Mume alihamishiwa Kivu ya Kaskazini. Hawakusikia.

“Nani alichagua vizuri?” nilimuuliza, na mara nikajutia swali.

Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotaka. “Ule mwingine ni mzima,” alisema. “Lakini mimi nilisomesha batoto na mshahara wa huyu. Ule wake hawakusoma.” Kisha akaongeza kwamba karatasi za mafao ya ujane alizituma Kinshasa, akazituma tena, na ameacha kuhesabu.

Sina jibu la kumsaidia. Nimejaribu kulitafuta kwa niaba ya kijana yule na kila mara narudi pale pale, kwenye meza moja yenye mizani isiyotulia. Sheria inataka aliyetimiza miaka 18, mwenye afya, Mkongomani. Yote anayo. Mji wake umezingirwa na vita ambavyo havikumwomba ruhusa, na si upuuzi kijana kutaka kuwa upande wenye silaha. Wala si woga mama kukunja uso.

Februari 2025 Bukavu ilianguka. Askari waliorudi nyuma walifika Uvira, wakafyatuliana risasi na Wazalendo mitaani, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Mama alivuka nao. Nilimpata kwa simu mwezi Machi, siku chache baada ya rais kutangaza kwamba mshahara wa askari na polisi utazidishwa mara mbili. Alikuwa ameliweka daftari ndani ya sufuria, chini ya unga, ili lisilowe.

Nilimuuliza kuhusu tangazo. Akasema akirudi atawaongezea kiwango cha kukopa, labda wafike siku ya ishirini kabla ya kumkumbuka. Kisha akasema kona nyingi zimekunjika mwezi ule, nyingine amezikunja yeye, nyingine zilijikunja ndani ya sufuria, na sasa hajui ipi ni ipi.

Kijana?

Hakuwa Burundi. Mama alipofungua daftari kule alikuta mstari wa mwisho haukuwa mwandiko wake. Aliniagiza nisubiri, nikasikia mpira wa baiskeli ukivutwa, akanisomea polepole: “Sabuni 1, wembe 1, biskuti 2. Nitalipa.” Mahali pa cheo pameachwa wazi.

Naandika haya Juni 2025. Mama amerudi Kalundu, butiki iko wazi, na mstari ule haujakatwa, haujazungushiwa duara, na kona yake bado imenyooka.