Chupa ya Kupulizia Si Mvua

Vuli ikianza tu, swali linarudi. Mwenye vyungu vitatu barazani anamwonyesha mtaalamu picha kwenye simu: echeveria imejaa matone kama shanga, alovera imenona, kakati iliyokuwa ya kijivu tangu Agosti imegeuka kijani kibichi. "Nipulizie mara ngapi kwa siku ili zibaki hivi?"

Hata mara moja. Jibu hilo halimfurahishi mtu, maana chupa ameshainunua.

Yale matone ndiyo yanayodanganya. Ule ungaunga mweupe kwenye jani la echeveria, unaofutika kwa kidole, ni nta. Mmea umejipaka nta ili maji ya ndani yasitoroke, na ukuta usiotoa maji hauyaingizi pia. Tone linalometameta juu ya jani ni tone lililokataliwa mlangoni. Mpiga picha anadhani mmea unakunywa, kumbe haujaonja kitu.

Wapo wanaojitetea kwa elimu. Wamesoma kwamba kakati na jamaa zake wengi hufunga stomata, vile vitundu vyake vya kupumulia, mchana na kuzifungua usiku, basi nao wamehamishia upuliziaji saa nne usiku. Kazi bure: usiku mlango ule hufunguliwa kuingiza kaboni dioksidi, si kunywa maji. Wengine hukimbilia jangwa la Namib, ambako mmea uitwao Trianthema hereroensis hunywa ukungu kwa majani. Ni kweli, hunywa. Atakayeukuta kwa muuza miche wa Dar es Salaam, apulizie atakavyo.

Kinachounenepesha mmea baada ya mvua kiko chini ya udongo. Shahidi mzuri ni saguaro, kakati kubwa ya jangwa la Sonora huko Arizona. Mizizi yake mingi imelala sentimita 10 hadi 15 tu ardhini, lakini hutambaa kila upande umbali unaokaribia urefu wa mmea wenyewe. Mvua ikilowesha udongo, vimizizi vipya huchipua upesi, maji hupanda, na mikunjo ya shina hutanuka kama akodiani mikononi mwa mpiga taarabu. Chunguni ni vivyo hivyo kwa kipimo kidogo: jani lililosinyaa hujaa kwa siku chache. Na ile rangi mpya, kwa sehemu kubwa, ni vumbi lililooshwa.

Chupa haifanyi lolote kati ya hayo ila kuosha vumbi. Udongo wa juu unapata unyevu, wa chini ambako kuna mizizi unabaki mkavu. Maji yanatuama katikati ya majani ya echeveria yaliyojipanga kama ua, na kwenye joto la pwani kuvu haihitaji mwaliko wa pili. Shina likioza, maji hayapandi tena. Majani yanalegea, mwenye mmea anasema una kiu, anaongeza kupulizia. Angebonyeza tu jani la chini. La kiu limekunjamana na linapinda bila kukatika. La kuoza ni la manjano, linaonyesha mwanga, na linadondoka likiguswa.

Mafuta ya kupikia ya kung'arisha majani ni upuuzi wa aina hiyo hiyo, na hunasa vumbi zaidi.

Anayetaka sura ya mvua amwagilie kama mvua: maji mengi kwenye udongo hadi yatoke tunduni, kisha aache kabisa mpaka kijiti cha mshikaki kilichochomekwa hadi chini kitoke kikavu. Chungu kiwe na tundu, kisahani kisibaki na maji, udongo uchanganywe nusu kwa nusu na mchanga mnene au kokoto ndogo. Maji ya mvua yakikingwa ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Masika yakikolea, vyungu viingie chini ya upenu. Shina lililooza likatwe hadi nyama safi, likae kivulini wiki moja likauke kidonda, ndipo lipandwe. Anayekata mnyaa avae glavu na asijiguse macho. Ule utomvu mweupe huunguza vibaya. Chupa ya kupulizia irudi kwenye meza ya pasi.