Nywele Hazipandwi, Huatikwa

Hivi majuzi alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili, akiwa na fomu ya idhini kutoka kliniki moja ya Istanbul, Uturuki, alikokusudia kwenda kutibiwa upara. Aliniomba niitafsiri ili mamake, aliyekuwa akimchangia nauli, apate kuielewa. Nami, ambaye upara umekwisha kuuteka utosi wangu bila vita, nilikubali.

Nilikwama kwenye neno la kwanza. Watu husema "kupanda nywele", kana kwamba ni mbegu za mahindi zinazotiwa mashimoni. Hapa hapana mbegu. Daktari hutoa vinyweleo kisogoni, aghalabu kila kipandikizi kikiwa na unywele mmoja hadi minne, akavihamishia penye upara. Wakulima wanacho kitenzi chake: kuatika, yaani kuhamisha mche kutoka kitaluni hadi shambani. Na yeyote aliyewahi kuatika sukumawiki anajua kwamba hatari kubwa haiko kitaluni wala shambani, bali njiani, mizizi inapokuwa wazi.

Fomu ile ilieleza kwa mapana bei, hoteli na gari la kumpokea mgeni. Kuhusu njia hiyo haikusema lolote.

Kinyweleo kikishatolewa kichwani hakipati tena damu wala oksijeni. Kwa hiyo hutiwa katika maji ya chumvi ya hospitali, ambayo wengi huyapoza hadi kiasi cha nyuzi 4 za Selsiasi, kwani baridi hupunguza mahitaji ya seli. Lakini kisigandishwe, maana barafu hupasua seli. Adui mkubwa ni ukavu: kipandikizi kikisahauliwa juu ya glavu kwa dakika chache huweza kuharibika, hali kwa macho kingali kizima. Kibano nacho hushika nyama ya pembeni, si shina lenyewe.

Hapa mfano wa mkulima unafika kikomo chake. Maji matupu yanayouokoa mche hukidhuru kinyweleo. Walimu wa baiolojia watawakumbusha wanafunzi habari ya osmosisi: maji yasiyo na chumvi huingia katika seli hadi zikavimba na kupasuka. Ndiyo sababu maji ya hospitali huwa na chumvi asilimia 0.9.

Muda nao hudai haki yake. Katika miaka ya 1990 daktari Bobby Limmer wa Texas, Marekani, alipima vipandikizi vilivyohifadhiwa katika maji ya chumvi yaliyopozwa. Vilivyokaa saa 2 viliota kwa asilimia 95. Vya saa 24, asilimia 79. Vya saa 48, asilimia 54. Maadamu kuhamisha vipandikizi 2,000 huweza kuchukua siku nzima, msomaji na apige hesabu.

Isitoshe, nywele zetu za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi, na chombo kisicho na mkono wa mzoefu huzikata kabla hazijafika kwenye maji hayo. Kisogo nacho si kitalu cha kupandwa upya: kinyweleo kilichotolewa hakioti kingine mahali pake. Kikifia njiani, mtu amepoteza mbele na nyuma.

Basi tukaandika maswali pembeni mwa fomu. Vitawekwa katika maji gani? Kwa baridi kiasi gani? Kwa saa ngapi? Nani atakayevihesabu? Kijana aliipeleka tafsiri nyumbani. Mamake, aliyelima maisha yake yote, aliisoma polepole, akauliza jambo ambalo sisi wasomi wawili hatukulifikiria: "Kwani watang'oa miche yote kabla ya kuchimba mashimo?"

Tuliliongeza kuwa swali la tano. Nauli haijalipwa, tungali tunalingoja jibu kutoka Istanbul.