Chuo cha Fourah Bay: Kuta Zimebaki, Paa Limekwenda

Kamati za majengo katika sharika zetu zinaufahamu mvutano huu: fedha kidogo zikipatikana, tupake rangi au tuzibe paa? Safari hii tunalitazama jengo la zamani la Chuo cha Fourah Bay, jijini Freetown, Sierra Leone.

Chuo kilianzishwa mwaka 1827 na wamisionari Waanglikana wa CMS ili kuandaa walimu na watumishi Waafrika. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Samuel Ajayi Crowther, aliyeokolewa kutoka meli ya watumwa na ambaye mwaka 1864 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Jengo lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1845, likakamilika 1848. Inasimuliwa kwamba mbao za paa zilitokana na milingoti ya meli za watumwa zilizokamatwa.

Kuta ni za mawe ya lateraiti, ndugu wa moramu tunayomwaga barabarani. Jiwe hili likichimbwa huwa laini, fundi akalichonga bila taabu. Likikaa kwenye hewa hukauka na kuwa gumu. Hupatikana palepale, wala halihitaji tanuri. Tatizo ni kwamba lina vitundu vingi na hunywa maji, na Freetown hupata mvua ya takriban milimita 3,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam. Paa, basi, lilikuwa kinga ya ukuta wenyewe, si ya waliokaa ndani tu.

Chuo kilihama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Jengo likatumiwa na shirika la reli, kisha mahakama. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliishi humo watu waliokimbia makazi yao. Mwaka 1999 likaungua.

Mpita njia angeona mawe yamesimama akadhani sehemu kubwa imepona. Sivyo. Maji huingilia juu ya ukuta, yakaosha chokaa kati ya mawe, na mizizi ya miti ikafuata humo. Sakafu za mbao nazo zilikuwa zikifunga kuta pamoja. Zilipoteketea, kila ukuta ulibaki ukijitegemea. Jengo lilikuwa limetangazwa kumbukumbu ya taifa tangu 1955, lakini tangazo haliezeki nyumba.

Kwa wafadhili wetu, hii ndiyo sababu maombi ya mabati na mifereji tunayatanguliza mbele ya yale ya madirisha na rangi. Kamati zikague paa na sehemu za juu za kuta kabla ya masika.