KUSOMA KANGA: PICHA, RANGI NA MANENO

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Nyanda za Juu Kusini

   Mwalimu wa darasa, tunakuomba uweke kanga moja mezani, mahali ambapo wote wataiona. Kama hakuna, mama mmoja atuazime yake. Baridi ya kwetu twaijua, kwa hiyo tutamrudishia upesi.

Leo hatujifunzi herufi mpya. Leo tutasoma herufi mnazozijua tayari, ila hazimo kitabuni. Zimo nguoni.

Mimi kazi yangu ni kuchora michoro ya kuchapwa. Nachora mabango, majalada ya vitabu, na kanga. Nyumbani nina sanduku la kanga kuukuu, na ninapokosa wazo jipya hulifungua sanduku hilo nikazitazama. Wachoraji wa zamani ni walimu wangu. Leo nataka wawe walimu wenu pia.

SEHEMU ZA KANGA

Tazameni kanga iliyo mezani. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pindo, yaani mapambo yanayoizunguka nguo pande zote nne. Ya pili ni mji, yaani uwanja wa katikati. Ya tatu ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Kanga huuzwa mbili mbili, na kanga mbili huitwa doti.

Sasa weka kitenge kando ya kanga. Unaona tofauti? Kitenge mara nyingi hakina pindo wala jina. Mchoro wake huendelea mfululizo, nawe waweza kukata kiasi ukitakacho na kumpelekea fundi cherehani. Kanga haikatwi ovyo. Ni kama ukurasa wa kitabu: ukikata vibaya, maneno yanapotea.

KANGA ILITOKA WAPI

Kanga ilianzia pwani yetu ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Yasemwa kwamba wanawake wa huko walinunua leso ambazo bado hazijakatwa, wakaziunga pamoja wakapata nguo kubwa ya kujitanda. Jina lenyewe, kwa maelezo ya wengi, latokana na ndege kanga, kwa sababu nguo za kwanza zilikuwa na madoadoa kama manyoya yake.

Mjini Mombasa alikuwapo mfanyabiashara aitwaye Kaderdina Hajee Essak. Duka lake lilianza mwaka 1887, na chapa yake ilijulikana kuwa Mali ya Abdulla. Yeye hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuandika maneno juu ya kanga. Mwanzoni maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikaja herufi hizi mnazojifunza ninyi.

Kwa miaka mingi kanga zilichapwa ng'ambo, kama vile Ulaya, India na Japani, zikaletwa kwa meli. Baada ya Uhuru nchi yetu ilijenga viwanda vyake. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968.

RANGI NA CHAPA

Huenda unajiuliza: mchoro unafikaje kwenye nguo? Nitakueleza.

Kwanza nachora juu ya karatasi. Kisha nazitenga rangi. Kama kanga ina nyekundu na nyeusi juu ya kitambaa cheupe, nahitaji chapa mbili. Chapa ya kwanza huweka nyekundu peke yake. Chapa ya pili huweka nyeusi peke yake. Nyeupe haihitaji chapa, kwa sababu ndiyo kitambaa chenyewe. Chapa ya pili ikisogea kidogo tu, ua linatoka nje ya mstari wake, na nguo inaharibika.

Kila rangi unayoongeza ni chapa nyingine, na kila chapa ni gharama. Ndiyo sababu wachoraji wa zamani walitumia rangi chache. Tazameni kisutu, kanga ya harusi ya watu wa pwani. Ina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, lakini haichoshi macho. Au tazameni lile umbo la korosho lililo katika kanga nyingi. Ni umbo moja tu, lakini ukiligeuza huku na huku linaujaza mji wote. Rangi chache zilizopangwa vema hushinda rangi nyingi zilizorundikwa.

KOSA LANGU

Sasa nitawasimulia kosa langu mwenyewe, nalo ndilo kiini cha somo hili.

Nilipokuwa kijana niliagizwa kuchora kanga yenye jina hili: WIVU WAKO NAUJUA. Nilitaka kuonyesha ufundi wangu. Basi kila herufi niliipamba. Herufi I niliiotesha majani matatu upande wa kulia. Herufi V niliisimamishia vijiti viwili, huku na huku. Herufi U niliifunga juu kwa ua. Nikaona nimefanya jambo kubwa.

Miaka ikapita. Siku moja nilialikwa katika darasa la watu wazima mjini Mbeya, karibu na Mwanjelwa, ili nieleze kazi yangu. Mwalimu alikuwa amewaambia wanafunzi walete kanga zao wazisome. Mama mmoja akasimama na kanga yake, akasoma kwa sauti: "WEMA WAKO NAUJUA." Nikaishiwa nguvu. Kanga ile ilikuwa yangu.

Mwalimu akamwambia, "Mama, hebu rudia polepole." Mama akarudia. Darasa zima likasogea kutazama. Ndipo tukaelewa. I yangu yenye majani matatu ilionekana kama E. V yenye vijiti viwili ilionekana kama M. Na U iliyofungwa juu aliikisia kuwa A, maana neno lilikuwa limekwisha kukaa moyoni mwake.

Mama yule akakaa kimya. Kisha akatueleza. Alipojifungua, wifi yake alimtunza siku arobaini. Akataka kumshukuru. Akaenda sokoni, akajitahidi kuyasoma maneno mwenyewe, akafurahi kwamba ameweza. Akanunua doti, kanga moja akampa wifi yake, ya pili akabaki nayo yeye. Wifi yake alijua kusoma vizuri. Tangu siku ile hakumsalimu tena, na yeye hakujua kosa lake ni nini.

Nilisimama nikamwambia, "Mama, kosa si lako. Ni langu mimi niliyechora." Jioni ile ile alikwenda kwa wifi yake. Waliyoambiana ni yao. Nilipata habari baadaye kwamba salamu imerudi.

Tangu siku hiyo nina sheria moja. Ua na jani vikae katika pindo. Jina liachwe lisomeke, kwa herufi kubwa, zenye nafasi kati yake, juu ya mahali pasipo na fujo. Nawe uwe na sheria yako: usiridhike kulikisia neno. Litazame herufi kwa herufi mpaka mwisho.

UFUNDI WA KWETU

Msidhani kwamba mchoro mzuri hutoka pwani au ng'ambo tu. Tazameni vikapu vya Iringa, ambavyo akina mama husuka kwa milulu. Msukaji hana karatasi wala rula, lakini mistari yake inakutana mwisho kama ilivyoanza. Anahesabu kichwani.

Hapo hapo Iringa mjini kipo kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana. Huko watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, hufuma, hushona, na hutengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo. Kinyesi huoshwa, huchemshwa, hupondwa, kisha hutandazwa kikauke. Inakuwa karatasi safi ya kuandikia barua. Vitu tunavyovitupa, wao wamevifanya kazi na riziki.

MASWALI

1. Kanga ina sehemu ngapi? Zitaje.
2. Kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inahitaji chapa ngapi? Kwa nini?
3. Je, mama yule alifanya kosa, au mchoraji, au wote wawili? Jadilianeni.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua karatasi. Chora pindo pande zote nne. Katika mji, chora kitu kimoja cha kwenu: jani la chai, hindi, kikapu, au mlima unaouona mlangoni pako. Kisha andika jina, maneno matatu au manne ambayo hungeona haya kumpa wifi yako. Kabla ya kuleta darasani, mpe mwenzako asome. Akisoma sawasawa bila kuuliza, umefaulu.

Na yule aliyetuazima kanga, tumrudishie. Lakini kwanza someni jina lake kwa pamoja, polepole, herufi kwa herufi.

Kwaherini.